Mboga za Uani na Kipimo cha Maji



Hapana nyumba isiyohitaji mboga, na hapana mboga tamu kama ile iliyochumwa uani alasiri ikaingia chunguni kabla ya magharibi. Dini yetu nayo imeutukuza upandaji. Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba Muislamu apandapo mti au mbegu, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka kwa kile kilicholiwa. Kwa hivyo hatuna haja ya kurefusha maneno juu ya fadhila za bustani. Kila msomaji azijua. Neno tulilolikusudia leo ni jingine, nalo ni zito kuliko hilo. Je, bustani yafaa kunyweshwa maji gani, na kwa kiasi gani, wakati mbingu zinapofunga na maji ya kunywa watu wenyewe yanapokuwa haba? Kwani yamkini mtu akawa katika thawabu ya kupanda, na huku yumo katika dhulma ya maji, wala asijitambue.

Sisi twakaa bara ya Mombasa, upande wa Kisauni, katika nyumba yenye ua nyuma yake. Katika ua huo mna kisima, mna mwembe mmoja, na mna kipande cha ardhi ya mchanga ambacho tangu zamani kimekuwa ni cha mboga. Pwani yetu ina mvua mbili kwa mwaka: masika, ambayo huanza mwezi wa Machi au Aprili na kupata nguvu mwezi wa Mei, na vuli, ambayo hunyesha baina ya Oktoba na Desemba. Baada ya vuli hushika kaskazi, na miezi ya Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kupita yote. Mchana joto hupanda hata digrii 32 na 33, usiku nao haupoi, na mchanga wa uani huwa kama kikaango. Mkulima wa nyumbani hutegemea vuli ijaze visima, ili apate maji ya kuvukia kaskazi. Vuli ikikosa, kaskazi huwa ni mtihani.

Basi ikawa vuli ya mwaka 2020 haikutimia. Masika ya 2021 yakaja dhaifu, na vuli ya mwaka huo ikafuata njia ile ile. Tarehe 8 Septemba 2021 Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa ni msiba wa taifa. Kisha masika ya 2022 na vuli yake zikafuata, ikawa misimu mitano kwa mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka mingi katika Kenya ya kaskazini na mashariki, na Somalia, na Ethiopia ya kusini. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Jamaa zetu wa Tana River na wa bara ya Kilifi waliona makubwa, na sisi wa mjini tulionja sehemu ndogo tu ya mtihani ule. Lakini kidogo nacho hufunza, kwa anayetaka kufunzwa.

Yafaa msomaji ajue kwamba Mombasa ni mji usio na mto wake. Maji yake ya mfereji hutoka mbali: mengine kutoka chemchemi za Mzima katika Tsavo, mengine kutoka Baricho kando ya mto Sabaki, mengine Marere katika milima ya Shimba, na mengine visima vya Tiwi. Maji yanayosafiri mwendo huo wote hayafiki kila nyumba kila siku, hata katika miaka ya mvua. Mfereji wa kwetu ulipokuwa ukitoka mara mbili kwa juma, watu wote wa mtaa waliyageukia maji ya visima, na mikokoteni ya mitungi ikawa ndiyo sauti ya asubuhi.

Lakini kisima cha pwani si kama kisima cha bara. Chini ya ardhi yetu mna mchanga na mawe ya matumbawe, navyo hupitisha maji kama chujio. Maji ya mvua yashukapo huyakuta huko chini maji ya bahari yaliyopenya, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama samli iliyoelea juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo na kamba, kidogo kidogo, wachota yale ya juu. Ukitia pampu ukavuta kwa nguvu saa nzima, lile tabaka tamu hupungua, na ya chumvi hupanda kuja kuchukua mahala pake. Yakishapanda hayashuki upesi. Huenda yakangoja mvua za kutosha ndipo yasukumwe kurudi chini. Tena tabaka hilo si mali ya kisima kimoja. Uzio wa makuti hugawa ua na ua juu ya ardhi, lakini chini yake maji hayajui uzio. Anayevuta kwake kwa pupa humharibia na jirani yake asiyevuta kitu.

Mwezi wa Februari 2022 maji ya kisima chetu yalianza kubadilika ladha. Chai ya asubuhi ilikuwa na chumvi kwa mbali, na sabuni ikawa haitoi povu kama dasturi. Wakati huo uani petu palikuwa na vitalu vitatu. Viwili vikubwa, kila kimoja kiasi cha mita kumi za mraba, vilikuwa na miche 40 ya tungule aliyoipanda ndugu yetu mdogo, naye alikuwa ameiwekea tamaa ya kulipia ada ya shule ya mwanawe. Cha tatu kilikuwa kidogo, mita tano za mraba, nacho ni cha mboga za majani za kuliwa nyumbani. Tungule zile zilikwisha toa maua na baadhi yake zimeanza kufunga matunda. Mkulima yeyote ajua kwamba hiyo ndiyo saa ambayo mmea hutaka maji kuliko saa nyingine yoyote.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikaa sote barazani kulizungumza jambo hilo. Ndugu yetu akasema, “Kaka, kisima ni chetu, kimo ndani ya ua wetu, na umeme wa pampu twalipa wenyewe. Nipeni majuma sita tu, tungule zitakuwa zimeiva.” Maneno yake hayakuwa ya mtu mchoyo, yalikuwa ya baba anayefikiri juu ya mwanawe. Mama yetu mzazi, ambaye alikuwa amenyamaza tangu mwanzo, akamjibu, “Mwanangu, kisima hiki umekikuta, amekichimba babu yako. Na jirani aliyekuja asubuhi na ndoo yake alitaka maji ya kumpikia mtoto uji. Sasa wewe pima mwenyewe, uji wa mtoto na tungule, kipi kitangulie.”

Tulipima kweli, na kwa hesabu. Wajuzi wa kilimo husema kwamba mboga iliyo katika jua kali hutumia kiasi cha milimita 5 hata 7 za maji kwa siku. Na milimita moja ya maji katika mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tukashika kati na kati, lita 6. Vitalu vyote vitatu vilikuwa mita 25 za mraba. Kwa hivyo vilihitaji lita 150 kila siku, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20. Mitungi saba na nusu ni maji ya kunywa na kupikia ya nyumba kadhaa za mtaa wetu. Hesabu hiyo ilipokwisha kusemwa, hapakuwa na haja ya mjadala mrefu.

Hatukuwa twavumbua jambo jipya. Wanavyuoni wetu wametanguliza kinywa cha mtu, kisha cha mnyama, kabla ya mmea. Mtume (S.A.W.) amekataza kuyazuia maji yaliyozidi haja ya mwenyewe. Na nani asiyejua khabari ya Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina, mahala ambapo watu walikuwa wakiyanunua maji, akakitoa wakfu wapate kuteka bure? Hakukinunua ili anyweshee mitende yake.

Na katika nchi ya Oman, ambayo damu yake na yetu zimechanganyika kwa karne nyingi, mpango huo umejengwa kwa mawe. Wao huyaleta maji kutoka chini ya vilima kwa mifereji iitwayo falaj, na mitano katika mifereji hiyo iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa ulimwengu. Maji ya falaj yaingiapo kijijini hupita kwanza mahala pa kuteka ya kunywa; kisha hupita msikitini na mahala pa kuogea; na baada ya hapo ndipo yaendapo mashambani, ambako kila mwenye haki hupewa zamu kwa kipimo cha wakati, mchana wakiangalia kivuli cha jua na usiku wakiangalia nyota. Mtende ni kitu kitukufu kwa watu wa Oman, lakini hungoja nyuma ya kinywa cha mtu na nyuma ya udhu wake.

Utaratibu huo ndio uliotupa njia. Tuliona kwamba neno si kuiacha bustani ife yote, wala si kuinywesha yote. Neno ni kuiweka mahala pake katika safu, mwisho, na kuipa maji yaliyokwisha fanya kazi nyingine. Ukubwa wa bustani haupimwi kwa ardhi uliyonayo; hupimwa kwa maji yaliyo halali yake.

Asubuhi yake tukaing'oa pampu, tukarudi kwenye ndoo na kamba. Ndugu yetu alivisimamisha vitalu viwili vya tungule kwa mkono wake mwenyewe. Matunda mabichi yaliyokuwako mama yetu aliyatia achari. Siku mbili ndugu yetu hakuwa na maneno mengi, wala sisi hatukumlazimisha ayaseme. Ada ya mtoto ililipwa kwa kuchangiana, kila mmoja kadiri ya uwezo wake.

Likabaki swali la kitalu kidogo. Mita tano za mraba kwa lita 6 ni lita 30 kwa siku. Zitoke wapi, ikiwa kisima ni cha watu? Zilitoka katika udhu.

Hapa twataka msomaji asimame nasi kidogo. Imethubutu kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja na kuoga kwa swaa moja hata mudd tano. Wazee wetu wa pwani hawakupata taabu kuyafahamu maneno hayo, kwani mudd ndiyo kibaba, na swaa ndiyo pishi, na vibaba vinne hufanya pishi moja, kama tunavyopima zakatul-fitri. Kibaba cha maji ni kiasi cha thuluthi mbili za lita, au kuzidi kidogo. Sasa mtu na aweke beseni chini ya mfereji, atawadhe kama watu wengi watawadhavyo, mfereji uko wazi tangu kunawa mikono hata kuosha miguu. Sisi tuliweka beseni, tukapata lita tisa. Kisha tukatawadha kwa birika, kwa kutimiza kila kiungo mara tatu bila ya haraka, tukapata lita moja na nusu. Hatukufika kwenye kibaba cha Mtume (S.A.W.), lakini tulisogea.

Katika nyumba yetu watu wanaosali ni watano. Kila mmoja hutawadha kiasi cha mara nne kwa siku, kwani wengi hutunza udhu wa magharibi mpaka Isha. Watano mara nne ni ishirini, na ishirini kwa lita moja na nusu ni lita 30. Zilikuwa ni zile zile lita zinazohitajiwa na kitalu! Haba na haba hujaza kibaba, wasema wahenga, na kwetu kibaba kilijaza kitalu.

Pengine msomaji atauliza juu ya hukumu ya maji hayo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji machache yaliyokwisha tumika katika udhu wa faradhi huitwa mustaamal. Hayawezi kutawadhiwa tena, lakini yenyewe ni tahiri wala si najisi. Kwa hivyo kuyamwagia mboga hakuna ubaya wowote. Maji ya kustanjia na ya chooni ni mlango mwingine kabisa, na hayo hatukuyakaribisha bustanini. Tulijenga kijukwaa kidogo cha mawe penye kivuli cha mwembe, tukakitia mchirizi unaoyapeleka maji kwenye pipa lenye kifuniko. Kifuniko ni kwa ajili ya mbu. Na maji ya siku hutumika siku ile ile, kwani yakilala siku mbili hutoa harufu.

Maji ya jikoni nayo yana daraja zake. Maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga ni mazuri sana, tukayapeleka kwenye pilipili na kwenye miche ya mlonge. Ya kufulia, tulichukua yale ya kusuuzia mwisho tu. Yale ya kwanza yana sabuni nyingi ya unga na chumvi zake, nayo huufunga udongo na kuchoma mizizi. Ya vyombo vyenye mafuta hatukuyataka.

Baada ya kupata maji, kazi ya pili ni kuyazuia yasiibiwe, na wezi wake ni watatu: jua, upepo na mchanga. Mchanga huyashusha chini upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyafuata. Kwa hivyo tulivichimba vitalu vikawa chini ya usawa wa ua kwa kiasi cha shibiri moja, badala ya kuviinua kama ifanywavyo katika nchi za mvua nyingi, na tukachanganya samadi iliyooza na majani yaliyooza, ambayo hushika maji kama sifongo. Samadi nayo, wanavyuoni wa Shafii wameiruhusu kutiwa mashambani ijapokuwa asili yake ni najisi. Ila mikono ioshwe, na mboga ioshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Upepo na jua tulivizuia kwa matandazo na kivuli. Matandazo yetu ni majani makavu ya mwembe na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, unene wa vidole vinne, yakaacha nafasi ndogo kuzunguka kila shina. Udongo uliotandikwa hivyo, ukiufunua saa nane ya mchana, waukuta ubaridi na unyevu, na hali jirani yake ulio wazi wachoma kidole. Kivuli ni makuti mawili matatu juu ya miti, upande wa magharibi, ili mboga ipate jua la asubuhi na isalimike na jua la alasiri. Tusizidishe kivuli, kwani mboga isiyoona jua hurefuka ikadhoofika.

Kunywesha ni alfajiri baada ya sala, au jioni jua likishuka, na ni kwenye mzizi, si juu ya majani. Na penye pilipili na bamia tulizika mitungi miwili ya udongo isiyopakwa rangi, ikabaki shingo tu juu. Mtungi huo ukijazwa maji na kufunikwa, huyatoa kidogo kidogo kwa matundu yake yasiyoonekana, na udongo ukiwa mkavu hutoa zaidi, ukiwa na unyevu hutoa kidogo. Wachina waliiandika njia hiyo katika vitabu vya kilimo kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), na mwanamke yeyote wa pwani aliyepata kuona mtungi wa maji ukitoka jasho ajua siri yake.

Jambo la tatu ni kupanda kinachoweza msimu wake. Tungule, hata tungaliipa maji yote, kaskazi haiipendi, kwani usiku wa joto huangusha maua yake kabla hayajawa matunda. Kabichi na sukumawiki ni mboga za nchi za baridi, na hapa kwetu wakati wa joto huwa ni karamu ya wadudu. Lakini mchicha wapenda joto, nao huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Kunde huvumilia ukame kuliko mboga nyingi, majani yake ni kitoweo na punje zake ni kitoweo. Bamia husimama katika jua kali bila kulalamika. Matembele hutambaa yakaifunika ardhi, yakawa matandazo ya nafsi yake. Kisamvu na mlonge vikishashika mizizi havikuombi mengi. Na penye maji yenye chumvi kidogo, spinachi huvumilia kuliko maharage, ambayo chumvi huyaua upesi.

Kwa njia hiyo tulivuka kaskazi ya 2022. Ramadhani ya mwaka 1443 iliingia mwanzoni mwa Aprili, nayo mvua bado haijanyesha ya kutosha. Kila siku ya tatu tulichuma mafungu mawili matatu ya mchicha na kunde, pamoja na bamia za kutilia mchuzi. Kwa mwenye shamba hizo si chochote. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na sufuria ya mchicha wa nazi wakati wa futari, katika mwaka ambao mboga ya sokoni imepanda bei, si jambo dogo kwa nyumba ya watu wengi. Yule jirani wa uji aliendelea kuja na ndoo yake, na mara nyingi alirudi na fungu la mboga juu ya kifuniko. Ladha ya kisima haikurudi kama zamani, ila haikuzidi kuharibika, na maji yake yaliendelea kunyweka. Hatudai kwamba ni kwa ajili ya pampu yetu moja, kwani baadhi ya jirani nao walizipunguza zao baada ya kuzungumza msikitini. Kheri ikifanywa na wengi haijulikani ni ya nani, na hiyo ndiyo heri yake.

Jambo moja halikuwa jepesi, nalo ni subira ya watu wa nyumbani. Kutawadha kwa birika mara moja ni rahisi. Kutawadha kwa birika mwaka mzima, mtoto akiwa na haraka ya kwenda shule na mgeni akiwa amesimama anangoja, kwataka moyo. Bibi wa nyumba yetu ndiye aliyeushika utaratibu huo hasa. Alikuwa akiwaambia watoto, “Maji ya udhu wako yana mtu anayeyangoja,” naye ana maana ya mchicha. Watoto wakaanza kushindana ni nani atakayetimiza udhu wake kwa maji machache zaidi bila ya kuacha kiungo. Hivyo somo la fiqhi, ambalo chuoni walilisoma kwa ulimi, walilisoma uani kwa mikono.

Masika ya mwaka 2023 Mwenyezi Mungu alituletea mvua, na vuli ya mwaka huo ikanyesha kwa wingi hata ikaleta mafuriko katika sehemu nyingi za nchi, na Mombasa mmoja wapo. Visima vilijaa. Ndugu yetu alipanda tungule zake tena, katika majira ya upepo wa kusi ambayo ndiyo wakati wake, akapata mavuno. Lakini mchirizi wa udhu hatukuuvunja, wala pampu hatukuirudisha kwenye vitalu. Kwani ukame ni mgeni ambaye hurudi, na mwenye kungoja afike ndipo aanze kujifunza kipimo, atajifunza kwa taabu.

Basi ndugu zetu akina baba, na dada zetu akina mama mnaozishika funguo za nyumba, kwenu ni wasia huu mfupi. Kabla hamjapanda, pimeni: watu wangapi nyumbani, udhu mara ngapi, mchele mwaosha kwa maji kiasi gani. Yajumlisheni, kisha gawanyeni kwa lita 6, na jawabu mtakayoipata ndiyo mita za mraba za bustani yenu wakati wa kaskazi. Ikiwa ni mita mbili tu, pandeni mita mbili, na mzitunze kama mboni ya jicho. Maji mazima yasiyotumika waachieni wanadamu na wanyama. Nyumba iliyo katika ghorofa, isiyo na ua, nayo ina udhu na ina dirisha; mkebe wa pilipili na beseni la mchicha havihitaji zaidi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua za manufaa zisizo za madhara, aviweke visima vyetu katika utamu wake, na atujaalie tuwe katika wenye kushukuru neema kwa kuitumia kwa kipimo. Amin.

Wabillahi tawfiq.